Breki iwe na mwenyewe

Karakana yangu iko Shelui, chini ya mlima Sekenke, mahali magari yanapopumua baada ya kuteremka kutoka Misigiri. Hapa yanapita malori ya Igunga, Nzega na Kahama, yapo ya Mwanza, yapo yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa miaka 27 nimekuwa nikifungua mlango alfajiri, na kabla sijaona gari lolote pua yangu imeshanieleza usiku ulikwendaje. Breki iliyoungua ina harufu yake, kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Harufu ikiwa nyepesi, najua dereva alikanyaga sana lakini akajiokoa. Ikiwa nzito, natoka kuangalia barabarani nikimwomba Mungu nisikute umati.

Mlima huu ni mkaguzi asiyebembelezwa. Gari linaweza kufungwa breki Dar es Salaam, Dodoma au Arusha, likatembea wiki nzima kwenye tambarare na dereva akaona mambo shwari. Sekenke ndiyo huifungua kazi ya fundi na kuisoma. Ndiyo maana sisi mafundi wa huku chini tunajua siri za karakana nyingi ambazo hatujawahi kuzikanyaga. Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana, watu wakiwa kwenye mavuno ya alizeti, mlima uliniletea gari dogo lililonipa maneno ya kusema jambo nililokaa nalo moyoni muda mrefu.

Lilikuwa Datsun 240Z, rangi ya chungwa, milango miwili, boneti ndefu kama shingo ya bata mzinga. Watu wa rika langu wanalijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za Safari, enzi zile mbio zikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, Mehta akimaliza kwa alama sawa na Harry Källström hadi kanuni ikaamua mshindi. Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule. Miaka ya themanini nilipokwenda Arusha kujifunza kazi, fundi aliyenifundisha alikuwa amehudumia magari ya mashindano, na kila alipotaka kunieleza gari zuri ni lipi alilitaja hilo.

Aliyeshuka ni mzee mstaafu, ametokea Arusha anakwenda Mwanza kuona wajukuu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kwenye benchi bila kusema kitu kwa muda. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nikamletea maji.

"Fundi," akasema, "Misigiri breki nilikuwa nazo. Kona za chini sikuwa nazo tena. Nimekuja kwa gia na kwa rehema."

Nilifungua chupa ya mafuta ya breki kwanza. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, mwaka hadi mwaka, hata kama gari limelala bandani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji hushuka hadi karibu nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu joto la diski linapanda, linapita kwenye pistoni, linayafikia mafuta, nayo yanachemka. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, na nguvu yote imeishia kwenye kubana mapovu. Gari likipoa, pedali inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na ndiyo maana madereva wengi huambiwa wamedanganya.

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Nilipotoa magurudumu nikakuta mbili zaidi. Mbele kushoto, pedi hazikuwa za gari hilo. Zilikuwa za gari jingine, zimesagwa kwa grainda ubavuni ili ziingie, na zilikuwa zikigusa diski kwa kipande tu cha uso wake. Nyuma kulia, bomba la breki lilikuwa limekunjwa na kugongwa kwa nyundo hadi likafunga. Wili silinda ilikuwa inavuja, na mtu akaona njia ya mkato ni kulinyima gurudumu hilo breki kabisa. Nilimwita mzee, nikamshika mkono, nikampeleka aone kwa macho yake. Alilitazama lile bomba kwa muda mrefu.

"Hawakuniambia," akasema.

Neno hilo ndilo chanzo cha makala hii. Si kwamba kifaa kilitoka gari jingine. Ni kwamba hakuambiwa, wala hakuna aliyepima.

Nasema hivyo kwa sababu nilichofanya baada ya hapo ni kumfungia vifaa vya magari mengine. Datsun 240Z iliacha kutengenezwa mwaka 1973. Huwezi kwenda dukani Singida ukaomba kalipa yake, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Lakini wapenzi wa gari hilo Marekani na kwingineko waligundua zamani kwamba kalipa za pikapu za Toyota Hilux zenye kuvuta magurudumu manne, zile za kuanzia 1979 hadi 1985, zinaingia kwenye gari hilo kwa bolti zilezile, juu ya diski ileile. Ya Datsun ina pistoni mbili, ya Hilux ina nne. Pistoni nne zinabana pedi kubwa zaidi, na zinaibana sawasawa. Kinachotakiwa ni kukata kidogo bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski na kutafuta bomba la kuunganisha. Na Hilux za miaka hiyo, nani Afrika Mashariki hajapanda? Mizoga yake ipo kwenye nyasi kila wilaya.

Mzee alikubali kupanda basi kwenda Mwanza na kuniachia gari kwa wiki sita. Nilipata kalipa mbili kutoka Hilux iliyokuwa imelala nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Sikuzifunga kama zilivyo. Nilizifungua, nikatoa pistoni, nikazisafisha, nikazitazama juani kama zina vishimo vya kutu. Moja ilikuwa navyo. Niliitupa nikatafuta nyingine. Mipira yote ya ndani ikawa mipya. Diski nilizipima kwa maikromita: mpya za gari hilo huwa na unene wa milimita 12.5, na zikifika 10.5 hazifai tena. Ya kushoto ilikuwa 10.1. Tukaagiza mpya zote mbili, kwa sababu diski hazibadilishwi upande mmoja.

Hapo ndipo fundi asiyepima angefunga magurudumu na kudai pesa yake. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga, na pedali ikashuka kuliko nilivyotaka. Sababu yake ni hesabu ya darasani. Pistoni nne kwa jumla zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea, na masta silinda ya gari hilo ina upana wa inchi 7/8 tu. Nikatafuta masta ya Datsun 280ZX, yenye inchi 15/16. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kila mkanyago unasukuma mafuta zaidi kwa karibu asilimia 15. Pedali ikapanda. Lakini kila kitu kina bei yake: masta pana inataka mguu wenye nguvu zaidi kwa breki ileile. Kalipa za pistoni nne zilifidia hilo. Ungeweka masta hiyo na kuacha kalipa za zamani, ungempa mzee wa miaka 70 na zaidi pedali ngumu kama jiwe.

Nyuma niliacha dramu zake, nikabadilisha bomba lililogongwa na wili silinda zote mbili. Kisha asubuhi moja, kabla barabara haijachangamka, nikalipeleka kwenye kipande cha vumbi kilichonyooka. Nilimweka kijana wangu pembeni atazame magurudumu. Nikakanyaga kwa nguvu kwa mwendo mdogo, kisha wa kati. Tulitaka kujua ekseli ipi inajifunga kwanza. Ya mbele ikijifunga kwanza, gari linakwenda moja kwa moja; ya nyuma ikijifunga kwanza, mkia unakuja mbele na dereva hana la kufanya. Ilijifunga ya mbele, kushoto na kulia pamoja, na michirizi miwili kwenye vumbi ilikuwa na urefu sawa. Kijana aliipima kwa futi kamba, akaandika.

Nimeeleza kwa kirefu ili nipingane na watu wa pande mbili. Wapo wanaosema spea za mtumba zipigwe marufuku kwenye breki, basi. Nawaheshimu, lakini hawajui nchi inavyotembea. Magari mengi tuliyonayo yalikuja yakiwa yametumika, na mengine kiwanda kilishayasahau. Ukipiga marufuku leo, kazi hiyo itafanyika usiku, na kinachofanyika usiku hakipimwi. Wapo pia wanaosema kinachoingia kinafaa: bolti ikikaza, gari liende. Hao ndio wanaoujaza mlima wangu harufu.

Breki si kifaa, ni mapatano. Masta, kalipa, dramu, mipira, mafuta na uzito wa gari vimepatana. Ukiingiza mgeni mmoja lazima uwaulize wote. Chukua Hilux hiyohiyo. Nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa na fimbo. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, fimbo inasogea, vali inaruhusu breki ya nyuma ifanye kazi zaidi. Sasa mtu anaongeza springi ili abebe magunia mengi ya vitunguu. Bodi inainuka. Vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma wakati ndipo zinapohitajika. Mwenye gari anaona breki zimekuwa dhaifu, fundi anabadilisha pedi za mbele, tatizo linabaki. Hakuna aliyegusa breki, ila breki zimeharibiwa na springi.

Kwenye malori hesabu ni kali zaidi. Lori la tani 50 likiteremka kimo cha mita 100, joto linalotakiwa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha zaidi ya madumu saba ya maji ya lita 20. Dereva akiweka gia nzito tangu juu, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na injini. Akiachia nyutro kuokoa dizeli, yote inaishia kwenye dramu. Dramu ikipata moto inatanuka, inazikimbia shuu, na fimbo inayosukumwa na upepo inalazimika kwenda mbali zaidi. Kama slaki, vile vifaa vya kurekebisha nafasi kati ya shuu na dramu, hazikurekebishwa, fimbo inafika mwisho wa safari yake kabla shuu hazijabana. Dereva ana upepo kwenye matanki, geji inaonyesha vizuri, na hana breki. Sasa ongeza tela ambalo shuu zake zimetoka tela la aina nyingine, au ekseli ambayo breki zake fundi alizifunga zisifanye kazi kwa sababu usukani ulikuwa unavuta. Magurudumu yaliyobaki yanabeba kazi ya yote, na yanaungua.

Ajali ikitokea tunasoma kwamba gari lilifeli breki. Sentensi hiyo inamaliza habari, kana kwamba breki ni mtu aliyeamua kuondoka. Tumezoea pia kusema ajali haina kinga. Mimi nimefungua magurudumu mengi yaliyotoka mlimani, na naweza kusema kwamba breki hutoa taarifa siku nyingi kabla: pedali inashuka, usukani unavuta, gurudumu moja linatoka moto kuliko mengine, mafuta yanapungua bila sababu. Taarifa zipo, ila mpokeaji hayupo.

Sisi watu wa Sekenke tuna historia yetu ya kuunga vitu. Dhahabu iligunduliwa hapa enzi za Wajerumani, na vita ya kwanza ya dunia ilipowabana wakakosa sarafu kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora. Huko, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916, ikapigwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Karakana hiyo haikujengwa kutengeneza pesa. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini kila sarafu ilitakiwa iwe na uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu safi, na juu yake kuna herufi T, alama ya Tabora. Waliunga, wakapima, wakatia alama yao. Kama hilo liliwezekana kwa pesa wakati wa vita, linawezekana kwa breki wakati wa amani.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nayaomba kwa uzito wote nilio nao.

Kwanza, breki zipimwe kwa mashine, si kwa macho. Mashine ya rola hukamata ekseli moja moja na kuonyesha nguvu ya gurudumu la kushoto na la kulia. Lile bomba la Datsun lililogongwa lingeonekana kwa sekunde chache. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kina kituo cha ukaguzi wa magari Dar es Salaam. Huduma ya namna hiyo isogezwe karibu na miteremko yenyewe. Sekenke, Kitonga na Iwambi si siri kwa mtu yeyote. Gari la biashara lisiingie mteremko wa aina hiyo bila dereva kusimama juu, kuzungukia magurudumu, kupima moto kwa mkono na kuchagua gia akiwa ametulia. Dakika kumi za Misigiri ni rahisi kuliko siku tatu za Shelui.

Pili, ufundi wa breki utambuliwe kama ujuzi unaojitegemea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazi mtaani, kama mimi. Tuutumie kwa nguvu kwenye breki. Fundi aulizwe maswali, apewe gari, aonekane anavyopima, apewe cheti chake. Wapo vijana wenye mikono mizuri sana ambao hawajawahi kushika maikromita kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inahusika.

Tatu, tukubaliane ni nini kinaweza kutumika tena na ni nini hakiwezi. Kalipa ya chuma, ikisafishwa na kuwekewa mipira mipya, inaweza. Diski ambayo unene wake haujafika mwisho inaweza. Pedi zilizotumika haziwezi. Mpira wa breki uliotolewa gari jingine hauwezi, hata ukionekana mzima, kwa sababu huchakaa ndani ambako jicho halifiki. Na mafuta ya breki yaliyokaa kwenye chupa iliyofunguliwa tangu mwaka juzi yamwagwe. Wenye maduka, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi huku kwetu, wanayajua haya. Wasimuuzie mtu kwa kumhurumia.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu: kila kazi ya breki iandikwe na isainiwe. Iwe kadi tu, si lazima kompyuta. Iseme kifaa gani kimebadilishwa, kimetoka gari gani, kimepimwa kiasi gani, tarehe, na jina la fundi. Mwenye gari akae nayo. Siku gari likipata matatizo, polisi, bima na fundi mwingine wapate pa kuanzia. Nitaambiwa kwamba mafundi wataogopa kusaini. Sawa. Fundi anayeogopa kusaini breki ameshatoa jibu kuhusu breki hiyo.

Kwa wenye magari nina ombi fupi. Usimuulize fundi bei kabla hujamuuliza amepima nini. Mwambie akuonyeshe kifaa cha zamani. Kama ameweka cha gari jingine, akueleze kwa nini na amebadilisha nini kingine ili vipatane. Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo, anafurahi.

Mzee alirudi kutoka Mwanza kwa basi wiki ya sita. Nilimkabidhi gari na kadi niliyoiandika kwa mkono: kalipa za Hilux, pistoni nne, mipira mipya, masta ya 280ZX, inchi 15/16, diski mpya, milimita 12.5, mafuta ya DOT 4, bomba la nyuma kulia jipya. Chini yake jina langu, namba yangu ya simu na saini. Aliisoma yote, akaniomba tupande mlima pamoja. Tulipanda hadi Misigiri, tukageuza, tukateremka kwa gia ya tatu na ya pili, akigusa breki pale tu penye haja. Tulipofika Shelui niliinama kwenye gurudumu la mbele, nikasogeza kiganja karibu na ringi, nikavuta pumzi. Lilikuwa na moto wa kawaida. Harufu haikuwepo.

Aliikunja ile kadi mara mbili, akaiweka mfuko wa shati, upande anakoweka kitambulisho chake.